Nusu Imeingia Pipani

Filipo,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho asubuhi pale stesheni, kwa hiyo hapa sizipotezei wino. Alasiri hii nakusikia uani unamtania mama yako, naye anakuambia urudishe kata yake kabla hajakupiga nayo. Mimi niko barazani, nimeupa mlango mgongo, nimelaza ubao magotini ndio meza yangu. Ulipopita ukaniuliza naandika nini, nilikujibu naandika vipimo vya kabati la sakristia. Uongo mtupu. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wako, chini ya blanketi, uisome treni ikishaondoka, wakati huwezi tena kurudi kubishana nami.

Sitakuambia uchemshe maji wala ukumbuke kusali. Hayo mama yako ameyasema mpaka paka anayajua. Mimi nina neno moja tu, nalo ni kwamba naogopa. Naogopa, mwanangu. Naogopa tangu siku ile ulipoingia na karatasi mfukoni ukasema umejiandikisha jeshini, udereva, na kwamba mtapelekwa ng'ambo ya bahari, sijui Bama, sijui wapi. Mama yako hakushtuka, nikajua kumbe alikuwa na habari siku nyingi. Loo, nilivyokasirika! Nilitoka nikaenda kupiga randa mlango wa watu mpaka ukawa mwembamba, ikabidi nitafute mbao nyingine. Nilidhani nimekasirika kwa sababu mlinificha. Nilipotulia nikajiuliza kwa nini mlinificha, na jibu nililipata chumba cha nyuma, limekaa juu ya magogo yake mawili.

Pipa lile unalijua, umekua nalo. Lakini hujui nilivyokuwa nalo kabla yako. Wabelgiji waliliacha walipoondoka Tabora kuwapisha Waingereza. Lilikuwa la divai ya wakubwa wao, mbao za mwaloni, mti ambao huku kwetu hauoti. Nililikuta jalalani, pete moja imekatika, kuku wa mtu ametaga ndani. Mimi nami nilikuwa nimetoka kubeba mizigo ya vita ya kwanza, nimekonda, hata suruali ilinikataa. Nikalivingirisha mpaka Isevya watu wananicheka njia nzima. Mama yako alikuwa bibi harusi bado. Akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Kwani wewe umeoa mke au umeoa pipa?"

Nikalitengeneza, nikalijaza maji ya moto, nikalimwaga, nikalijaza tena mpaka harufu ya kuku ikatoka. Halafu nikamwomba wanzuki yake, ile pombe ya asali, nijaribu kuilaza humo.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, na haujaisha mpaka leo. Mama yako ana sheria moja, aliyoachiwa na mama yake pamoja na kibuyu cha chachu: pombe ya asali inywewe changa, ingali inaimba. Ukitega sikio kwenye chungu chake utaisikia yenyewe inavyochemka kwa sauti ndogo. Rangi yake ya majani makavu, povu lake linakuchekesha puani, na nyuma ya utamu wake kuna moshi kidogo, ule moshi wa warina asali wa Sikonge. Inakunywesha haraka. Inakufanya umpende hata jirani anayekudai. Watu wa kilabu cha Gongoni wanamsubiri mama yako tangu asubuhi, na mpaka jioni chungu kimepinduliwa. "Kuna haja gani ya kuficha kitu ambacho watu wanakitaka leo?" ndivyo anavyoniambia.

Ya pipa ni mtu mwingine kabisa. Niliifunga mvua zikianza, nikaifungua kiangazi kimekauka. Imekuwa ya rangi ya chai ya mkandaa. Povu hakuna, imenyamaza. Ukiinusa unapata mbao, unapata zabibu kavu, unapata kitu kama nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Utamu umejificha nyuma, mbele kuna uchungu kidogo unaokukamata ulimi pembeni, halafu joto linashuka kifuani polepole na kukaa. Huwezi kuigugumia. Niliinywa kwa kikombe cha kahawa, nikakaa kimya, na mama yako alipoona nimekaa kimya akasema, "Haya, ameona malaika."

Nikaita watu walinganishe. Alikuja Mzee Ramadhani wa Gongoni, rafiki yangu wa zamani, ambaye pombe haigusi. "Mimi nanusa tu," akasema. "Kunusa si kunywa, Mungu ananijua." Akanusa ya mama yako, akatabasamu. Akanusa yangu, akafumba macho kwa muda mrefu mno kwa mtu asiyekunywa, halafu akasema, "Lahaula! Hii imesafiri." Nikajivuna wiki nzima. Basi mama yako akaniuliza, kwa upole, asali ya pipani ilitoka wapi. Nikasema ile nyeusi ya mwisho wa kiangazi. "Na ya chunguni?" Nikajitia kukaza pete ya pipa. Ya chunguni ilikuwa ile nyeupe ya maua ya kwanza. "Kwa hiyo umelinganisha mtoto wa huyu na mtoto wa yule," akasema, "halafu unasema malezi yako ndiyo bora." Nilishikwa. Tangu siku ile najua kwamba ukitaka kulinganisha changa na iliyokaa, zitoke chungu kimoja, asali moja, chachu moja, mkono mmoja. Vinginevyo unajidanganya tu.

Lakini hiyo haikuwa pombe ya maana. Pombe ya maana ni ile ya mwaka uliozaliwa wewe.

Unajua kwamba kabla yako walikuwapo wawili. Tunawataja kwenye sala, basi. Hujui kwamba wa pili alikuwa ameshaanza kunishika masharubu. Ulipokuja wewe nilikuwa sitaki hata kukushika, niliogopa nitazoea. Nikachukua chungu kizima cha mama yako, chenye asali nyingi kuliko kawaida, nikakitia pipani, nikapigilia kizibo, nikasema hii itafunguliwa siku ya komunyo ya kwanza ya mtoto huyu. Nilidhani nimefanya jambo la imani. Kumbe nilikuwa nimefunga roho yako na pipa kwa kamba moja, mimi Mkristo niliyebatizwa na kufundishwa kusoma na mapadri.

Haukupita hata msimu ukashikwa na homa. Mama yako alikaa nawe, anakukanda, anakunywesha majani, anakuimbia kwa Kinyamwezi nyimbo ambazo alisema amezisahau. Mimi sikuweza kukaa chumba kile. Nikaenda kwa pipa. Nikawaza, pombe ikiwa nzima, mtoto mzima. Nikang'oa kizibo, nikanusa: nzima. Nikafurahi, nikaziba. Baada ya muda shaka ikanirudia, nikang'oa tena. Kila ulipokohoa nikang'oa. Nikaonja kwa kidole, kwa kijiko, kwa unyasi. Homa ilipokuacha sikuacha mimi. Ulipoanza kutambaa ukaanguka, nikaenda kung'oa. Ulipoumwa na nge, nikang'oa.

Sasa wewe umekulia nyumba ya mpika pombe, huna haja ya kufundishwa. Pipa linataka kufungwa. Hewa ikiingia mara moja, linasamehe. Ukiliingizia hewa kila siku, pombe inageuka siki. Na siku niliyoonja nikakuta ukali unaokwangua meno, niliangusha kijiko. Nilikimbia uani nikidhani nitakukuta umekufa. Nilikukuta umekaa juu ya mkeka, mnene kama mtungi, unakula udongo.

Nilimweleza mama yako yote. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia, halafu akacheka tena. "Mkamia maji hayanywi," akaniambia. "Pombe haikuharibika kwa homa ya mtoto. Umeiharibu wewe kwa kuichungulia." Akatwaa maembe mabichi, pilipili, chumvi, akaitumia siki yote kutia achari. Ile achari, Filipo! Ile uliyokuwa unaiiba kwa vidole mpaka ukachapwa, ile uliyouliza juzi kwa nini hatutengenezi tena. Umekula woga wangu miaka yote ya utoto wako, ukaupenda na kuomba uongezewe.

Nacheka hapa nikiandika, lakini mambo hayakuishia kwenye achari.

Maana pipa niliacha kulichungulia, nikahamia kwako. Ulipoanza shule nilikuwa napita dirishani nikijifanya nimekuja kupima fremu. Ulipojifunza baiskeli nilikimbia nyuma yako mpaka njia ya Sikonge, wenzako wakakupa jina la kukutania. Ulipopata kazi ya utingo wa lori nilikwenda kumwuliza dereva kama breki ni nzima, mbele ya watu. Nilikuona ulivyoinamisha uso. Kila ulipotaka kutulia na jambo lako, mimi nimeng'oa kizibo kutazama kama umechacha. Basi mtu wa namna hiyo ungemwambiaje kwamba unakwenda vitani? Ulifanya vizuri kunificha. Nimekasirika, lakini ulifanya vizuri.

Nilitaka ujue woga huo haukuanza nawe. Ulianzia njiani.

Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, akarudi kwa miguu yake akiimba, na alikuwa akisema Mnyamwezi asiyesafiri hajakua. Mimi niliposhikwa kubeba mizigo ya vita nilidhani nakwenda kukua kama yeye. Tulikuwa pamoja na Kasanda, kijana wa Sikonge, mcheshi, miguu mirefu. Alikuwa na kibuyu kidogo cha asali alichopewa na mama yake, mdomo umezibwa kwa nta. Tulipita kusini, mvua, matope, sanduku la risasi kichwani, chakula kikakatika. Kila tukilala na njaa namwambia, "Kasanda, bwana, fungua basi tulambe." "Aka! Hii ya kufungulia nyumbani," ananijibu. "Nitaitia pombe, nitakuita." Tulikuwa tunaizungumzia pombe ile kama imeshapikwa.

Akashikwa na tumbo la kuhara. Hakukuwa na dawa, hakukuwa na wa kumbeba, maana wabebaji ndio sisi. Alipokuwa hawezi tena kuinuka nilichomoa ile nta mimi mwenyewe, nikampaka asali midomoni. Hakuweza kumeza. Ilitiririka ikaingia kwenye ndevu zake. Na kwa kuwa nilikuwa na njaa, iliyobaki niliila, nikilia na kulamba. Asali ile ndiyo iliyonifikisha Tabora. Sijawahi kuonja tamu kama ile, na sitaki.

Kwa hiyo mama yako anaposema kitu kizuri kinywewe kingali kinaimba, simbishii tena kwa nguvu za zamani. Ukipata raha huko, iwe ndogo namna gani, wimbo, sigara, rafiki wa kabila usilolijua, usiniwekee mimi wala usiiwekee nyumbani. Uile hapo hapo. Nakuomba hivyo mimi niliyejaribu kuweka kila kitu.

Na bado nimekuwekea. Mtu haachi tabia kwa sababu ameielewa.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga kina Ramadhani, mama yako alikuwa amechuja chungu cha kukuagia. Nikamwambia nataka nusu. Alinitazama vibaya. "Msafiri hawekewi," akasema. "Ukimwekea kabla hajaondoka, unaiambia safari kwamba atakawia."

"Nusu tu, mama Filipo."

"Na ikichacha? Utakuja kunitazama usoni uniambie nini?"

Hapo akajifanya moshi umemwingia machoni, na moto ulikuwa umezimika tangu alfajiri. Mwanangu, nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii nikidhani katika nyumba hii mwoga ni mimi peke yangu. Kumbe yeye ananizidi, ila hupika.

Akainama akaendelea kukamua masega. Nikageuka niondoke. Nikasikia anaita nyuma yangu, kwa ukali, kama anayenidai: "Lete hilo pipa lako basi! Lakini chungu ni kimoja, usije ukanifanyia ujanja wa asali. Nusu tunakunywa leo na mtoto. Nusu ndiyo hiyo yako. Na siku akirudi nitapika changa, niiweke kando ya yako, akuaibishe yeye mwenyewe kwa ulimi wake."

Siku akirudi. Alisema yeye, mimi sikumfundisha.

Ndiyo maana mchana tulipokaa kula nilikushurutisha unywe polepole, ukanicheka ukasema baba leo umekuwa padri wa pombe. Nilitaka uikamate vizuri: povu, moshi, lile ua lililo nyuma ya utamu. Hiyo nusu unaondoka nayo ulimini. Nyingine ndiyo hiyo uliyoiziba kwa mkono wako, nilipokupa nyundo nikajifanya bega linaniuma. Bega zima. Nilitaka mapigo yale yawe yako. Ulipigilia vizuri, nta ukaipaka sawa, hukuacha mwanya.

Kuna msemo, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sikuombei uwe shujaa. Wakikupa nishani, pokea. Wasipokupa, shukuru. Endesha lori lako, inama panapoinamiwa, kimbia wakikimbia, na mtu asikuambie kwamba baba yako angeona aibu. Baba yako angekaa stesheni akila karanga akikusubiri, wala hangeuliza umefanya nini.

Pipa lina desturi moja ambayo huwa siisemi mbele ya wanywaji. Linakunywa. Ukilijaza mpaka juu, siku ya kulifungua utakuta limepungua, na hakuna aliyeiba. Mbao zimechukua fungu lao. Najua na wewe utapungua. Mimi nilirudi nimepungua, na mama yako aliolewa na kilichobaki akakipenda. Pungua, mwanangu, lakini rudi.

Sasa umeingia ndani, nasikia mnatafuta kitu. Mama yako anapekua kabatini, anapekua chini ya kitanda, anaita, "Baba Filipo, bilula ya pipa umeiweka wapi?" Nimemjibu sijui, labda panya. Amesema panya gani anayekula mninga. Ataitafuta mpaka kesho, na baada ya kesho nitamwambia.

Ipo kwenye mfuko wako, nimeifunga ndani ya soksi ya kushoto. Niliichonga mwenyewe, ndiyo peke yake inayoingia kwenye tundu lile la kutolea pombe. Wenzako wakikuuliza ni kitu gani waambie ni hirizi, watakuheshimu. Nenda nayo huko mnakokwenda, na usije ukanirudishia kwa posta wala kwa mtu.

Mimi ni fundi seremala, Filipo. Mninga umejaa uani, naweza kuchonga nyingine kabla chai haijapoa.

Sitachonga.

Baba yako